Lori la Marehemu Baba na Usukani Wake Mpya

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alituachia nyumba moja, minazi 14 na lori la Bedford. Nyumba tuliigawa. Minazi tuliigawa, tena mimi mwenyewe ndiye niliyeshika kalamu na karatasi. Lori hatukuligawa. Tangu alipofariki mwaka 1998 nimekuwa nikiwafundisha watoto wa watu elimu ya mirathi katika madrasa yetu hapa Tanga, nikiwachorea ubaoni mafungu ya mbuzi, ya shamba na ya nyumba, na huku lori la baba yangu likipita nje ya dirisha na kunipigia honi ya salamu. Nami nilikuwa nikiinua mkono wenye chaki kuliitikia.

Ndugu msomaji, nataka nikueleze namna lori hilo lilivyobadilishwa usukani, na yaliyotupata kwa sababu ya usukani huo.

Lori lenyewe ni la aina ya TJ, yale yenye pua mbele na boneti la kufunua. Jina la Bedford lilianza kubandikwa juu ya malori mwaka 1931, nayo yalikuwa yakitengenezwa na kampuni ya Vauxhall huko Uingereza. Aina hii ya TJ ilianza kutoka mwaka 1958. Vijana wa leo hawayaoni ila kwa nadra, lakini sisi wa rika langu tulikua tukiyasikia yakinguruma, yamepakia mkonge, nazi, mchanga, na harusi. Baba alilinunua la kwake mwaka 1974, likiwa limekwisha kutumika katika shamba la mkonge, na kwa lori hilo alituvisha na kutulisha sote watano, wanaume wawili na wanawake watatu.

Usukani wake ulikuwa wa zamani, usio na msaada wowote ila meno ya chuma na misuli ya dereva. Gurudumu la usukani lilikuwa pana kama sinia la pilau, wala halikufanywa pana kwa urembo: upana ule ndio nguvu yenyewe. Gari likiwa tupu, mtu mzima hulipinda bila ya taabu kubwa. Likiwa na tani 5 za machungwa ya Muheza, kisha litakiwe kugeuka mahali pembamba nalo linakaribia kusimama, hapo dereva huinuka kitini akavuta kama mtu avutaye ngalawa pwani.

Mdogo wangu ndiye aliyeushika usukani huo baada ya baba. Mwaka 2019 alianguka kutoka juu ya shehena, bega lake la kulia likaumia, na tangu siku hiyo halikurudi lilivyokuwa. Daktari alimwambia aache udereva. Yeye akauliza, nikiacha nitakula nini? Ikawa akifika penye kona ya taabu, utingo hujinyoosha kutoka kiti cha pili na kumsaidia kuzungusha. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nikaogopa, nikanyamaza.

Aliyesema ni mpwa wangu, mtoto wa dada yetu mkubwa. Kijana huyu alisoma kwangu tangu alifu mpaka akahitimu Kurani, akasoma na mirathi, kisha akaenda kujifunza ufundi wa magari. Alikuja siku moja baada ya Magharibi akaniambia, “Mjomba, bega la mjomba mdogo halitapona, lakini usukani wapona. Tulitie lori stelingi pawa.”

Jambo hili si geni duniani. Mmarekani mmoja aitwaye Francis Davis alikwisha kulitengeneza na kulijaribu mwaka 1926, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza motokaa zenye usukani wa namna hiyo. Kazi yake ni hii. Iko pampu ndogo izungushwayo na injini kwa mkanda. Pampu hunyonya mafuta kutoka kopo lake na kuyasukuma kwa nguvu nyingi mpaka ndani ya boksi la stelingi. Ndani ya boksi mna mlango mdogo. Dereva akizungusha usukani, mlango hufunguka upande anaotaka, mafuta yakasukuma pistoni, na pistoni ikasukuma magurudumu. Dereva anaamuru tu. Msukumo wa mafuta katika mpira utokao kwenye pampu waweza kupita mara kumi ya upepo uliomo katika tairi la lori, na kwa hiyo mpira huo hauwi mpira wowote uliookotwa dukani.

Mpwa wangu alishika shuruti moja: pampu, boksi na mipira yake vyote vitoke katika lori moja la Kijapani. Alisema pampu ya gari hili na boksi la gari lile ni kama mume na mke walioozwa bila ya kuulizwa. Mmoja hutoa mafuta mengi, na mwenziwe hayawezi. Alikwenda mpaka Gerezani, Dar es Salaam, akarudi na vitu hivyo katika gunia. Alitazama pia boksi hilo lilikuwa likikaa upande gani wa ekseli, kwa kuwa likigeuzwa bila ya kufikiri, dereva atapinda kulia na magurudumu yatakwenda kushoto. Mimi nilicheka aliponieleza. Yeye hakucheka, na alipolifunga alilipandisha lori juu ya magogo, akazungusha usukani na kuyatazama magurudumu kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuligusa.

Lakini taabu kubwa haikuwa boksi. Ilikuwa mkanda. Injini ya zamani ilikuwa na mkanda mmoja tu, uliozungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Sasa palihitajiwa puli yenye mfuo wa pili kwa ajili ya pampu ya usukani. Na kwa kuwa mikanda ilikuwa ikipangwa upya, mpwa wangu aliona aiondoe na dainamo iliyochoka, aweke alteneta, ambayo hutia umeme betrini hata injini ikienda polepole. Alinionyesha mkanda mpya mkononi mwake. Una umbo la herufi V, nao haushiki kwa kukaa chini ya mfuo, bali kwa kubanwa mbavuni. Ukigusa chini huteleza. Na puli zote mbili lazima zikae katika mstari mmoja ulionyooka. Alizipima kwa uzi. Mkanda ukikazwa, kidole gumba kikiukandamiza katikati ubonyee kama nusu inchi, usizidi sana wala usipungue sana, na baada ya saa chache za kazi upimwe tena, kwani mkanda mpya hunyooka.

Kazi ilifanywa chini ya mwembe wetu, nami baada ya darasa nilikuwa nikimpa spana. Siku ya pili, baada ya sala ya Alasiri, boksi la zamani lilitoka, na gurudumu lake la usukani, na dainamo. Akapita mtu mmoja mwenye Bedford yake aliyokuwa akiifufua, akavitazama vitu vile kama mtu aliyeokota lulu, akatoa shilingi 210,000 palepale.

Mdogo wangu alisema, “Mpeni. Fedha hizo zitanunulia mafuta ya stelingi na mikanda.”

Mpwa wangu alikuwa chini ya lori, haonekani ila miguu. Akauliza kutoka hukohuko, “Hizo ni fedha za nani?”

“Za lori.”

“Na lori ni la nani?”

Hapana aliyejibu. Kisha akasema, wala hakuniita mjomba kama desturi yake, “Maalim, wewe ndiye uliyenifundisha. Mama yangu ana fungu humo au hana?”

Nilimjibu kwamba tutazungumza baada ya Idi. Nilizichukua zile fedha nikazitia katika bahasha, nikasema zikae kwangu kama amana. Hakusema neno tena. Nilisikia spana yake tu ikigonga chuma.

Nataka niwe mkweli katika ukurasa huu. Jibu nililijua. Baba alipofariki alimwacha mama yetu na watoto watano. Deni hakuwa nalo, wala wasia. Katika Sura ya An-Nisaa mafungu yamewekwa wazi: mke ana thumni pakiwa na watoto, na kilichobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Gawa kwa nane: mama moja, kila dada moja, kila ndugu mwanamume mawili. Haina hata mabaki ya kumtaabisha mwanafunzi. Mama alifariki mwaka 2011, na fungu lake likarudi kwetu kwa kanuni ile ile, ikawa mali yote ni mafungu saba. Kila dada ana moja, sisi wanaume mawili mawili. Ningeliweza kuiandika hesabu hiyo kwa chaki huku nikisinzia.

Basi mbona sikuiandika? Kwa sababu kila Ramadhani lori lilisimama mbele ya mlango wangu likateremsha gunia la mchele. Kwa sababu mwanangu alipokwenda shule ya mbali, karo ya mwaka wa kwanza ilitoka katika lori. Dada zangu waliletewa kitenge na sukari siku ya Idi, wakashukuru. Na mimi nilijiambia kwamba ndugu wanapendana, hapana anayenung'unika, na asiyenung'unika ameridhika.

Turudi kwenye mkanda. Pampu ilihitaji chuma cha kuishikilia pembeni mwa injini, ambacho mafundi hukiita breketi. Mpwa wangu alitaka bamba nene la milimita 10, lifungwe kwa bolti mahali patatu. Msimu wa machungwa ulikuwa umekwisha kuanza, na bamba hilo lingepatikana baada ya siku nne. Mdogo wangu hakuweza kungoja. Alimwendea mchomaji mwingine akamtengenezea breketi ya bamba la milimita 4 usiku uleule. Kijana akasema kwamba itajipinda. Mdogo wangu akanitazama mimi, mkubwa wa wote, niamue. Nikasema, msimu haungoji. Ndivyo nilivyoamua, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Kwa siku tatu mkanda ulilia kama paka kila usukani ulipozungushwa. Dawa waliyoifanya ni kuukaza. Kumbe kilichokuwa kikiuliza si ulegevu wake bali breketi iliyokuwa ikijikunja na kuitoa puli katika mstari. Na kila ulipokazwa, breketi ilivutwa zaidi. Siku ya nne, lori likitoka Muheza limejaa, mkanda uliruka katika kona, ukaukumba ule wa feni, yote miwili ikatoka. Hapo ndipo mtu anapojua tofauti. Boksi la pawa lisilopewa mafuta ni zito kuliko lile la zamani, na bega la mdogo wangu ni lile lile. Lori liliiacha barabara likaingia katika mkonge, likasimama limeinama. Utingo, kijana wa jirani yetu, alirushwa mlangoni akainuka mzima. Machungwa yalienea chini kama tasbihi iliyokatika. Alhamdulillahi, hapana aliyekufa.

Kwa fadhaa, mdogo wangu alipolinasua alilitembeza maili mbili apate kulifikisha penye nyumba za watu. Bila ya mkanda hapana feni wala pampu ya maji. Injini ilichemka, kichwa chake kikapinda. Matengenezo yalihesabiwa kuwa shilingi 1,800,000.

Tulikutana nyumbani kwa dada yetu mkubwa. Mdogo wangu akaanza kwa adabu, akasema hasara imetupata, na kwa kuwa gari ni la marehemu baba, ni la sote, kila mmoja atoe kadiri awezavyo. Dada alikuwa ameketi mkekani. Hakupandisha sauti. Alisema, “Baba, faida ilipokuwa ikiingia gari lilikuwa lako. Leo hasara imekuja, gari limekuwa la marehemu?”

Mdogo wangu akawaka. Alisema kila kilichomo katika lori hilo amekinunua yeye: injini aliibadilisha mwaka 2007, bodi aliijenga upya, tairi sihesabu, na sasa usukani. Cha baba kilichobaki ni chesi na boneti. Basi na wagawe chesi na boneti. Nikamwuliza vitu hivyo alivinunua kwa fedha gani. Akasema kwa fedha ya kazi. Kazi ya nini? Akanyamaza kidogo, akasema, ya lori. Kisha machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema, “Na jasho langu la miaka hii yote, Kaka, si mali?”

Naye alisema kweli. Hapana hata mmoja wetu aliyepata kumwekea mshahara. Tulimwacha aendeshe mali ya watu sita kama yake, kisha tukamgeukia kama mwivi. Kama mafungu yangeandikwa mwaka 1998, angelikuwa dereva mwenye ujira wake uliojulikana, na kila kilichobadilishwa kingelijulikana kimetoka mfuko gani. Mwenye kalamu siku ile nilikuwa mimi.

Sikuthubutu kuhukumu, maana ni mrithi na nimekula. Nililipeleka jambo kwa sheikh mmoja mzee, naye akatuelekeza tufanye suluhu ya watu wanaojua wanachokiacha, mbele ya mashahidi. Waliitwa watu wawili wenye malori, wakalithamini likiwa limetengenezwa kuwa shilingi 14,000,000. Katika hizo, 3,500,000 zilikubaliwa kuwa za mdogo wangu peke yake, kwa ng'ombe wake mwenyewe aliowauza aongezee bei ya injini mwaka 2007, na kwa matengenezo ya sasa anayoyabeba yeye. Zilizobaki, 10,500,000, ni mafungu saba ya 1,500,000. Lori libaki kwake, naye atulipe kidogo kidogo kwa muda wa miezi 24. Ama faida ya nyuma na ujira wa nyuma, viondoane.

Dada yetu wa kati alisema palepale, hata kabla hatujamaliza kuhesabu, “Mimi nimesamehe,” na macho yake yakiwa mkekani. Maneno hayo nimeyasikia katika nyumba nyingi nilizoitwa kugawa mirathi, na aghalabu husemwa na mwanamke, na aghalabu macho huwa chini. Zamani nikiyasikia nilikuwa nikisema, Mwenyezi Mungu akulipe, nikafuta fungu lake. Siku hiyo nilimwambia hawezi kusamehe kitu asichokijua kadiri yake. Akipokee kwanza, kilale kwake, kisha kama ataka kurudisha atarudisha. Nikaifungua bahasha ya lile boksi la zamani. Zilikuwa shilingi 210,000: kila dada 30,000, kila mwanamume 60,000. Alizipokea. Hakurudisha. Nilipopita kwake wiki iliyofuata nilisikia cherehani yake ikienda, ambayo ilikuwa imekaa muda mrefu bila ya mkanda.

Mpwa wangu ameitengeneza breketi upya kwa bamba lile alilolitaka, na uzi wake ukapita katika puli zote mbili bila ya kupinda. Safari hii alitaja ujira wake kabla ya kuingia chini ya lori, nasi tukamlipa. Mdogo wangu sasa hulipinda lori likiwa na shehena kwa mkono mmoja, ule mzima.

Dada yetu wa tatu ameolewa Mombasa. Tulimsomea suluhu kwa simu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema hakubali wala hakatai. Anataka kwanza kuiona hesabu ya lori tangu 1998, safari zilizokwenda na vilivyonunuliwa, kwani hawezi kuacha faida ya nyuma asiyoijua. Nilipotaka kumjibu kwamba daftari halikuwekwa, nilikumbuka nilivyomwambia dada yake. Shilingi 30,000 zake zimo katika bahasha, ndani ya sanduku la chaki. Kila jioni baada ya Isha mdogo wangu huja kwangu, hukaa barazani na kukumbuka, nami huandika: mchanga wa msikiti gani, nazi za nani, tairi ya mwezi gani. Tumefika mwaka 2003.